Mafuta ya Risasi Uliyoyaita ya Uchawi

Mpendwa baba Furaha,

Neno hilo la kwanza nimeliweka kwa sababu barua inalidai, usilitafutie maana nyingine. Nimeamka nimekasirika, nimekunywa chai nimekasirika, na sasa nimekaa mezani hapa Ganshoren, kwenye meza unayoijua, na hasira yangu bado iko palepale. Sababu unayo. Ni ule ujumbe wa sauti ulionitumia kwa simu juzi. Nyuma ya sauti yako nilisikia televisheni na mkeo akikohoa.

"Bon, Maman Furaha," ulisema, "siku ya mariage utakuya, hakuna shida. Lakini utaikala nyuma, pamoja na bageni. Na ku mambo ya chakula usiguse kitu. Batantine ba upande yangu banaogopa. Unajua ju ya nini."

Najua kwa nini, na wao wanajua, na ndiyo maana barua hii naiacha wazi. Nitaituma kwa tantine zako wote, shangazi na mama zako wadogo, kwa waliokuwa kwenye kile kikao cha familia, na kwa kina mama wa kanisani walioacha kunisalimia. Furaha ni mtoto niliyembeba tumboni Bukavu, nikamvusha nchi tatu mgongoni, nikamfikisha Brussels akiwa hai, na sasa anaolewa. Kwetu mama asiyeshika mwiko siku ya harusi ya bintiye ni mama aliyekufa, au ni mlozi. Mimi niko hai. Basi watu wasome wenyewe huo ulozi ulitoka wapi, na mikono ya nani ilikuwa ndani yake.

Ulitoka kwenye mafuta ya risasi.

Unakumbuka ile Jumamosi uliyorudi nyumbani macho mekundu? Mwenzako wa kazini, fundi umeme kama wewe, alikuwa amekupeleka kwenye klabu yao ya kulenga shabaha, nje kidogo ya mji. Huko ukaona wazee wa Kibelgiji wakipiga bunduki za zamani za baruti nyeusi, zile za kujazia mdomoni, ambazo kwenu Katanga huitwa pupu. Babu yako aliwinda na pupu. Ulinisimulia jinsi alivyoyeyusha risasi zake mwenyewe mbele ya nyumba, jinsi alivyokuruhusu kupuliza moto, na katikati ya maneno sauti ikakukatikia. Nilikupenda sana siku ile. Nalisema hapa mbele ya watu kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linaniuma kwamba ni kweli.

Ukajiunga na klabu, ukapata karatasi zako zote za halali, ukanunua bunduki kwa mzee aliyekuwa anaacha mchezo. Na balkoni yetu ikageuka karakana. Plomb, yaani yale madini yenyewe ya risasi, ulipewa na fundi wa mapaa aliyekuwa akibomoa nyumba za zamani. Uliiyeyusha kwenye kisufuria cheusi juu ya jiko la gesi la kambi, mimi nimeshika kalibu kwa koleo, wewe unamwaga, upepo wa Februari unatupiga masikioni. Risasi zilianguka kwenye blanketi kuukuu zikiwa zinang'aa, na mimi nilizipanga zikipoa. Furaha tulimfungia chumbani kila mara, ili asivute ule moshi. Wewe ndiye uliyetunga sheria hiyo. "Plomb ni mubaya kwa mutoto," ulisema, "abakie mule mpaka tunamaliza na tunanawa mikono." Nilikuheshimu kwa hilo. Aligonga mlango na kutuita majina ya ajabu, nasi tulicheka.

Kuzimwaga haikuwa taabu. Taabu ilikuwa mafuta ya kuzipaka.

Kwa wasiojua, nieleze. Risasi ya plomb tupu ni laini. Ukiipiga ikiwa kavu inajisugua ndani ya mtutu na kuacha ngozi yake humo, na ile baruti nyeusi nayo inaacha masizi yanayokauka kama masizi ya chungu. Baada ya mapigo machache risasi mpya haishuki tena, na shabaha unaikosa hata ukiwa karibu nayo. Kwa hiyo mifereji midogo iliyo kwenye kiuno cha risasi hujazwa mafuta. Yakiwa mafuta yanayofaa, masizi yanabaki laini na mtutu unatulia. Yakiwa mabaya, afadhali ungepiga kavu. Na wewe, baba Furaha, kuchagua mafuta ulikuwa huna kipaji nako hata kidogo.

Ulianza na mafuta yangu ya mgando ya kujipaka mwilini. Ulimaliza kopo zima, mimi nikaenda kazini magoti yamepauka. Huko uwanjani yale mafuta yalikutana na masizi yakawa lami, na ulikaa kutwa nzima ukisukuma kitambaa ndani ya mtutu. Ukaja na grisi ya gari. Ile ikawa lami zaidi. Wazee wa klabu walikuambia kwamba chochote kitokacho kwenye petroli hakipatani na baruti nyeusi, ukaitikia kwa kichwa, halafu wiki iliyofuata ukaja na grisi nyingine ya rangi tofauti.

Kisha ukakumbuka mawese. Babu alitumia mawese! Ulikwenda Matonge, kwenye maduka ya Kiafrika, ukarudi na chupa kubwa, unatembea kama mtu aliyeokota dhahabu. Nilikuuliza kama babu yako aliwahi kuwinda kwenye theluji. Siku ile baridi ilikuwa kali, mawese yakaganda kwenye mifereji, yakakatika vipandevipande kabla risasi haijaingia. Ukangoja majira ya joto, na majira ya joto yalipofika yakayeyuka yote mfukoni mwako. Suruali ile ya kijivu sikuweza kuitoa doa mpaka mwisho. Na ulipopiga, harufu ikaenea uwanja mzima, mzee mmoja akauliza nani anakaanga ndizi. Tulicheka ndani ya basi mpaka dereva akatutazama kwa kioo. Ulinishika mkono njia nzima.

Halafu ukaja wizi. Nilikuwa nimeyeyusha mafuta ya mbuzi kwa ajili ya wageni wa mwaka mpya, nimeyatia chumvi na kitunguu saumu kama ninavyofanya sikuzote, nimeyaweka kwenye friji. Uliyachota bila kuuliza. Yalipiga vizuri, ukafurahi, ukairudisha bunduki kabatini. Ulipoifungua tena, mtutu ulikuwa na kutu nyekundu ndani kama kopo lililotupwa mvuani. Ulipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga dari.

"Muntu gani anatia chumvi mu mafuta?"

"Muntu mwenye kukula," nilikujibu. "Ulizani ni ya bunduki?"

Ndipo nilipokufukuza jikoni. Nilikuambia ukae na kalibu zako, mafuta niachie mimi. Nilikwenda kwa mchinjaji wa Kimoroko kule Jette, nikamwomba mafuta ya figo ya kondoo, yale meupe magumu. Alinipa mfuko mzima kwa sababu ilikuwa baada ya sikukuu yao na watu walitaka nyama tu. Nikayeyusha kwa moto mdogo bila chumvi, bila kitunguu, bila chochote, nikachuja kwa kitambaa safi. Kisha nikapanda tramu na basi mpaka Auderghem, karibu na msitu, kwa mzee Jef wa klabuni kwenu anayefuga nyuki nyuma ya nyumba yake. Alinipa nta ya nyuki inayonukia asali bado, na kahawa, na maelezo marefu kuhusu malkia wake ambayo sikuyafuata vizuri.

Nta peke yake ni ngumu, inapasuka. Mafuta ya kondoo peke yake yanateleza na kukimbia. Nilivichanganya, nikavipooza, nikabonyeza kwa dole gumba. Ilitakiwa alama ya dole ibaki na dole litoke safi. Mara ya kwanza ilipasuka, nikaongeza mafuta. Mara ya pili ilinata, nikaongeza nta. Wakati wa baridi niliongeza mafuta kidogo ya zeituni ili yasigande kama yale mawese yako. Unakumbuka nilivyokulazimisha ubonyeze na wewe, ukasema nakuharibia kucha?

Siku ya kuyajaribu nilikuja nawe uwanjani kwa mara ya kwanza. Ulipiga, ukajaza, ukapiga, ukajaza, na kila risasi ilishuka bila kugomba. Mzee Jef akakuita utazame mdomo wa bunduki. Palikuwa na duara la mafuta mabichi kuzunguka tundu. Akaeleza kwamba hiyo ndiyo alama wanayoitafuta wote: mafuta yametosha kutoka mwanzo wa mtutu mpaka mwisho. Ulinikumbatia mbele ya Wabelgiji wale wote, wewe ambaye hata kanisani ulikuwa unanipa mkono tu.

"Chérie, weye ni fundi! Weye ni fundi kabisa!"

Tangu siku hiyo bokali ya mafuta, ule mtungi wa kioo, ilikaa kabatini karibu na sukari, na ilipokuwa ikikaribia kuisha uliniambia kwa upole, kama mtu anayeomba chai. Hakuna aliyeificha. Hata Furaha aliijua.

Sasa nifike kwenye salon, yaani sebule, ya tonton Albert.

Ulikuwa umeshampata yule wa kwaya, mkeo wa sasa. Nilijua. Marashi nilikuwa nayanusa kwenye koti lako, na mimi pua yangu si mbovu. Ningekuwa wewe, ningesema: nimempenda mtu mwingine, naondoka. Ningekulaani, ningevunja sahani mbili tatu, mambo yangeisha. Lakini mume anayemwacha mke wa ndoa ya kanisa anaulizwa maswali na wazee, nawe hukutaka maswali. Ulitaka uonekane umeokoka. Basi ukaitisha kikao cha familia, ukaniambia ni kwa ajili ya msiba wa shangazi yako, na mimi mjinga nikakaanga mikate nikaja nayo kwenye sahani, ikiwa bado ya moto.

Walikuwapo tonton Albert, mkubwa wa familia yenu hapa Ubelgiji, na tantine zako, na wengine ambao nawaona wanavyosoma sasa hivi. Karibuni. Mnakumbuka alivyoitoa bokali kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka katikati ya meza, kando ya mikate yangu?

"Batu yangu," ulisema, na ulijua kulegeza sauti, "hii nilipata mu placard. Angalieni benyewe. Ni mafuta ya nyama. Ni nta. Anapika yeye peke, na ile saa mutoto anafungiwa mu chambre. Mutoto analia, yeye anapika."

Nilidhani unatania. Nakuapia, nilianza kucheka.

"Baba Furaha, si ni yako? Si ni ya bunduki yako ile?"

Ukawageukia wazee. Hukunitazama. "Muntu gani anatia mafuta ya kondoo mu bunduki? Mulisha kusikia vile?"

Hawakuwa wamesikia. Hakuna aliyewahi kufika klabuni kwako. Tantine mmoja akaanza kuomba kwa sauti ya chini. Tonton Albert aliinusa bokali kwa mbali, kisha akaisukuma kwa pembe ya gazeti ili asiiguse kwa mkono. Nilieleza mifereji, masizi, kutu, mzee Jef na nyuki wake, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mtaalamu wa mambo ya giza. Mikate yangu hakuna aliyeigusa. Niliitazama ikipoa.

Na mlango ule. Mlango tuliomfungia mtoto ili asivute sumu, kwa sheria yako mwenyewe, uliugeuza ukawa ushahidi. Mengine yote ningeweza kuyasahau siku moja, baba Furaha. Hilo sitalisahau.

Wakaamua Furaha akakae kwa dada yako kule Jette, aombewe. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Bokali waliniachia, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuitupa. Jumapili aliruhusiwa kunitembelea, na alikuja na mkate wake umefungwa kwenye karatasi ya aluminium. Aliyeufunga ni dada yako. Alikaa pembeni ya kiti, akaufungua polepole, akawa anakula huku anatazama mikono yangu, ambayo maombi ya kwenu yalimfundisha kuiogopa. Nami nilikuwa nimepika. Nilipika kila Jumapili, sombe ya majani ya muhogo, samaki, maharage, nikaweka sahani mbili. Jumatatu nilibeba chakula chote mpaka kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, wenzangu wakala wakaomba tena. Wageni walikula chakula changu. Mwanangu alikiogopa. Kama unataka kujua chuki inapoanzia, ilianzia kwenye ile karatasi ya aluminium.

Kwa hiyo nilitaka ulie. Sisemi nilitaka haki, sisemi nilimwachia Mungu. Nilitaka ulie, na nitazame.

Usishtuke, kisasi changu hakikuwa cha mtutu. Nilikwenda tena Auderghem kwa mzee Jef, nikamweleza kwamba tumeachana, sikueleza zaidi, nikamwomba anisaidie kuingia klabuni. Akanidhamini. Nikapita mitihani, nikapata karatasi, nikanunua bunduki nyepesi inayonifaa bega. Ulipofika ukanikuta nimesimama nafasi ya tatu kutoka kwako, masikio nimeyaziba, najaza. Ulivyonitazama! Lakini ungesema nini? Ungewaambia Wabelgiji kwamba mimi ni mulozi? Ungeanzia wapi?

Nilikuja na makopo madogo ya mafuta, nikamgawia kila mtu. Nta ya Jef, kondoo wa Jette, mikono yangu. Baada ya muda hakuna mzee pale aliyetumia kingine, wakayaita graisse ya Madame. Ila wewe. Wewe ulirudi kwenye vitu vya dukani vya bunduki za kisasa, vya petroli vilevile ulivyokatazwa zamani. Nilikusikia unavyougonga ule mti wa kushindilia, ko, ko, ko, risasi haishuki, shingo imekujaa mishipa. Nilikunywa kahawa yangu taratibu. Sijawahi kunywa kahawa tamu kama ile, na ilikuwa kahawa ya mashine.

Halafu ikaja ile siku klabu ilipofungua milango kwa familia. Ulikuja na mkeo amevaa kofia, na Furaha, miaka kumi na sita, mrefu kukupita begani. Ulitaka waone unavyopiga. Pigo la kwanza pembeni. La pili sikujua lilikwenda wapi, na wewe hukujua. La tatu halikuingia hata kidogo, risasi ilikwama katikati ya mtutu mbele ya watu wote, na Jef, ambaye hana habari na mambo yetu, akaja na zana zake akakutolea, akakusafishia, kisha akakufungulia kopo langu na kukuwekea mbele yako. Akakuambia kwa Kifaransa, kwa moyo mweupe kabisa, achana na takataka zako, Déo, chukua haya ya Madame, sote tunayatumia.

Ulinitazama. Ukamtazama mtoto. Ukaitazama shabaha. Nilijua utafanya nini kabla wewe mwenyewe hujajua, kwa sababu nimelala nawe miaka mingi na najua unachoweza kuvumilia na usichoweza. Kushindwa mbele ya watu huwezi. Ukaingiza vidole viwili kwenye kopo, ukachota, ukaijaza mifereji vizuri kama nilivyokufundisha, ukashindilia, ukapiga. Katikati. Watu wakapiga makofi.

"Papa," Furaha alisema, "ile si ni mafuta ya bulozi?"

"Nyamaza."

"Si ulisema muntu akigusa ile atakufa? Si ulisema vile ku tonton?"

"Nimesema nyamaza, Furaha!"

Hakunyamaza kwa kuogopa. Alinyamaza kwa sababu alikuwa anatazama vidole vyako, ulivyokuwa ukivifuta kwenye suruali, ukifuta na kufuta.

Jumapili iliyofuata alikuja mikono mitupu. Aliingia, akavua viatu, akaketi mezani akaegemea kabisa.

"Maman, kuko sombe?"

Alikula sahani moja, akaomba ya pili. Nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili asisikie, nikalia mpaka nikashika ukuta. Siku hiyo ndiyo siku niliyompata mwanangu. Wewe ungeweza kuyamaliza hapo hapo, baba Furaha. Ulikuwa umeshikwa mchana kweupe. Ungekwenda kwa tonton Albert ukasema, nilidanganya. Badala yake uliwaambia tantine zako kwamba sasa nimemroga na mtoto, ndiyo maana anakula kwangu. Yeye akahamia kwangu, akamaliza shule, akasoma uuguzi, sasa ana kazi hospitalini Jette na mchumba anayemheshimu, na bado tantine wakimwona wanamuuliza kama analala vizuri.

Ndipo juzi ukanitumia sauti yako. Ukae nyuma. Usiguse.

Nilimpa Furaha simu asikilize. Alisikiliza, akarudia. Akaosha vyombo vyote, akavaa koti, akatoka. Alikwenda kwa tonton Albert. Alirudi jioni pua imekuwa nyekundu kwa baridi na macho makavu.

"Nimemuambia vile niliona kule uwanjani," alisema. "Vidole, kopo, yote. Nikamuambia, tonton, maman ndiye atapika. Papa ataikala mbele, atakula wa kwanza, mu mukono ya maman, batu bote banaona. Kama hapana, hakuna mariage ya coutume, ya mila. Tutaenda ku ofisi ya commune, tutasign, tutakula viazi frites, basi."

"Na tonton alisema nini?"

"Aliniuliza kama niliona na macho yangu. Njo akasema: bon. Njo vile bazee banamalizaka hii mambo. Atakula."

Kwa wanaosoma ambao wamezaliwa huku: kwa wazee wetu, aliyemtaja mwenzake kwa ulozi na baadaye ikaonekana si kweli, analimaliza neno hilo kwa kula kutoka mkononi mwake, hadharani. Hakuna hotuba. Hakuna karatasi ya kusaini. Anafungua mdomo, anatafuna, anameza, na watu wanaona. Tonton Albert amekwisha kukupigia, najua, kwa hiyo haya si habari mpya kwako. Barua hii ni ya kukuzuia usipate homa ya ghafla siku hiyo.

Na usidhani huu ni msamaha. Msamaha sijauona bado, na siutafuti. Ungekuwa umeniomba, tungeongea. Mimi nataka niwaone tantine zako wakikutazama koo.

Maana kuna kitu nakijua, Furaha ameniambia. Uongo ule umeusema mara nyingi mno, kwa watu wengi mno, kwa machozi mazuri mno, mpaka umekuingia. Siku hizi hunywi hata maji katika nyumba ambayo mimi nimepita. Ulikataa keki ya siku ya kuzaliwa ya bintiyo kwa sababu hukujua nani aliioka. Ulipotia vidole kwenye kopo langu siku ile, ulikwenda hospitali wiki hiyohiyo kupimwa damu, na walipokuambia huna kitu ulikwenda kwingine.

Basi sikiliza. Nitapika mbuzi, nitapika sombe kwa mawese, nitasonga bugali mwenyewe. Nitavaa kitenge ambacho Furaha amenichagulia, nitakaa mbele. Wakati ukifika nitanawa mikono mbele ya watu, nitakata tonge, nitalichovya, nitatembea mpaka kwenye kiti chako. Naapa mbele ya kila anayesoma barua hii kwamba ndani ya chakula hicho sitatia chochote zaidi ya chumvi, na wote watanisadiki, kwa sababu wote watakuwa wanangoja sahani zao kwa hamu. Katika ukumbi ule mzima utakuwa wewe peke yako usiye na hakika, na mkono wangu utakuwa mdomoni pako, na utafungua.

Njoo na njaa,

Mama yake Furaha